Nyota za Dari Zimemwondoa Mama Mkwe

Mpendwa Mama Pendo, naomba msaada wako kabla sijachanganyikiwa kabisa, maana nyumbani kwangu limetokea jambo na kila mtu anaonekana kulielewa isipokuwa mimi mwenye nyumba.

Mimi ni fundi umeme wa bandarini hapa Mtwara, kwetu ni Njombe, na mke wangu Theresia ni Mmakonde wa Kitaya, kule mtoni, tumeoana mwaka wa pili huu na ana mimba ya miezi saba, mimba ya kwanza, na presha yake inapanda na kushuka hadi nesi wa kliniki akatuonya kwamba asithubutu kujifungulia mbali na hospitali. Kwa hiyo tukakubaliana mama yake aje kwetu Chikongola akae naye mpaka mtoto azaliwe. Mama mkwe ni mjane, mtu mpole sana, na kwa heshima ya ukwe mimi na yeye hatukai chumba kimoja wala hatuongei ana kwa ana, nikitaka kumsalimia nampitishia mke wangu salamu na yeye hunijibu kwa njia hiyo hiyo.

Sasa mimi nilitaka kumfurahisha mama huyu kwa namna ambayo hajawahi kufurahishwa. Kuna siku umeme ulikatika tukakaa nje, Theresia akaanza kunisimulia utoto wake, jinsi alivyokuwa akilala na mama yake mkeka mmoja kule Kitaya, wakitazama nyota kupitia kwenye paa, wanagawana, mama anamwambia ile kubwa ni yako na hizi ndogo niachie mimi, na alipokuwa akisimulia alicheka mpaka akashika tumbo. Mama Pendo, mimi niliguswa. Nikakumbuka niliwahi kwenda harusi Dar es Salaam, dari ya ule ukumbi ilikuwa imejaa nyota kama anga lenyewe, nikamuuliza rafiki yangu Goodluck ambaye ana duka la mapambo ya nyumba, akaniambia vifaa vyake vinapatikana, akaniagizia.

Nikueleze ni kitu gani, maana wengi hawakijui. Ni kisanduku chenye taa moja tu, kinakaa juu ya dari, na kinatoa mkia wa nyuzi laini za plastiki mfano wa mshipi wa kuvulia, nyuzi nyingi sana, unatoboa siling bodi kwa drili, kila tundu unapitisha uzi wake na kukata ncha, ukiwasha ile taa moja mwanga unatembea ndani ya nyuzi zote na kutokea kwenye ncha, chumba kinakuwa na nyota. Umeme haupiti kwenye nyuzi, ni mwanga mtupu, hakuna hatari yoyote. Theresia alipokwenda Mikindani kumwona shangazi yake mimi na Goodluck tukafunga vifaa vyote kwenye chumba atakacholala mama, tukapiga na rangi mpya, na sikumwambia mtu.

Mama akaja. Jioni ile wamekula, mama amejinyoosha kitandani, Theresia amekaa pembeni wanaongea mambo yao, mimi niko kwenye korido, nikazima taa ya kawaida nikawasha nyota. Nikasubiri kicheko. Mama akasema neno moja kwa Kimakonde, sauti ya chini, Theresia akatoka nje machozi yanamlengalenga, nikajua ni furaha. Akasema, "Mama anasema nikwambie ameziona." Mimi nikafurahi, nikamwambia, "Mwambie mama karibu sana, na hizo ni chache, mwezi ujao namwongezea." Mke wangu akanitazama kama mtu niliyempiga kofi.

Asubuhi mama mkwe akaamka, akafagia chumba, akakunja mashuka, akaenda kusimama kwenye banda langu la kuku nyuma ya nyumba, akaliangalia kwa muda mrefu, kisha akachukua kapu lake akarudi Kitaya. (Banda ni zuri, nimeliezeka kwa bati, mabati yale niliyanunua mwaka jana kwa ajili ya Kitaya, maana siku ya mahari mjomba wa mke wangu, mzee Josephu, aliniambia, "Mkwe, mvua zisikukute hujapanda juu ya paa la dada yangu," nami nikaitikia vizuri, lakini kuku walikuwa wanakufa kwa kulowa nikayatumia kwa muda, na Kitaya nitakwenda tu nikipata nafasi, ila hilo siyo nililokuandikia.)

Nililokuandikia ni nyota. Nimeuliza kila mtu. Jirani yangu Abdallah anasema wazee wanaogopa umeme, nimweleze tu kwamba haurushi shoti. Goodluck anasema kosa ni rangi ya mwanga, kwamba kigurudumu cha kubadilisha rangi kwenye kile kisanduku kilikuwa kwenye nyekundu na nyekundu inatisha, basi nikakirekebisha zikawa za bluu, nikamwita Theresia aone, akaangua kilio na kwenda kulala kwa jirani. Mzee wa kanisa anasema ni majivuno, anga ni la Mungu, nisiliige. Nimemuuliza mke wangu mwenyewe anasema, "Unajua," nami naapa sijui. Sasa amesema mwezi wa nane wa mimba ukianza anakwenda kujifungulia kwa mama yake, na anaposema hivyo hagombi, anapanga nguo za mtoto kwenye begi taratibu, na hilo ndilo linaloninyima usingizi, presha ile, barabara ile, na mvua ndiyo hizo zinakaribia.

Naogopa kumpoteza mke wangu na mtoto kwa sababu ya pambo la dari. Nimekosa nini? Nizing'oe nyota zote? Nimtumie mama kanga na barua ya kuomba radhi? Niambie lolote nitalifanya, ila niambie kwa lugha nyepesi maana kichwa changu sasa hivi hakishiki kitu.

Mwenye Nyota, Chikongola, Mtwara

JIBU LA MAMA PENDO

Mwanangu Mwenye Nyota, barua yako nimeipandisha juu ya nyingine zote, maana tumbo la mkeo halitangoja zamu. Pole. Umekosea kwa mapenzi, na hilo nalijua. Lakini umekosea sana, na kinachonikasirisha ni kwamba jibu lako umeliandika mwenyewe, ukalifungia kwenye mabano, ukasema siyo ulilotuandikia.

Hebu tulia nikuulize. Mtu aliyelala ndani ya nyumba yake anaonaje nyota? Mkeo alikusimulia kuhusu paa lililooza. Alikusimulia kuhusu mama mjane ambaye hakuwa na mwanamume wa kumpandia juu, akalala na mwanawe chini ya nyasi zilizotoboka, na kwa kuwa hakuwa na kingine cha kumpa mtoto, akampa nyota. Ile kubwa yako, hizi ndogo niachie. Theresia alicheka, ndiyo, sisi wanawake wa kusini tumecheka mengi ambayo yangetuua. Wewe ulisikia kicheko, hukusikia paa.

Basi wewe ndiye uliyechukua mahali pa yule mwanamume asiyekuwepo. Mzee Josephu alikuambia mbele ya watu, kwa Kiswahili chepesi kabisa, na wewe ukaitikia. Huko Kitaya mkwe hapimwi kwa mahari tu, anapimwa siku anapopanda juu ya paa la mama wa mkewe. Mvua za mwaka jana zikaja, mama akalowa, akanyamaza, maana mama mkwe hamdai mkwewe. Mwaka huu anafika kwako, analazwa kitandani vizuri, anazimiwa taa, na juu yake anaona nini? Paa lake. Lile lile, na safari hii limetobolewa kwa makusudi, kwa drili, na mkwe wake, kwenye dari iliyokuwa nzima. Akakutumia ujumbe kwamba ameziona. Nawe ukamjibu kwamba utamwongezea!

Nilisoma hapo nikaiweka barua mezani nikaenda kunywa maji.

Asubuhi akaenda kulitazama banda. Unadhani alikuwa anahesabu mitetea? Kuku wako wanalala chini ya bati, mama mkwe wako analala chini ya nyota. Mimi nisingefagia chumba, mwanangu, ningeondoka na usingizi machoni. Yeye alifagia na kukunja mashuka. Huyo ni mama mwenye adabu, mshukuru Mungu kwa ukwe huo.

Theresia naye nina neno naye. Angekuambia. Lakini namwelewa, maana kumwambia mume kwamba mama yako ananyeshewa ni kumvua mama nguo, na ukwe wenu huo wa kupitishiana salamu umemweka katikati, kila neno linapita kinywani mwake likimchoma. Anaposema "unajua" anataka sana iwe kweli kwamba unajua. Asiyejua maana haambiwi maana, ndivyo alivyokufanyia, na mimi leo nimekuambia.

Sasa sikiliza utakachofanya. Kanga usitume, na barua ya radhi usiandike, nani atamsomea? Nyota usizing'oe kwanza, utaacha matundu matupu darini na itakuwa balaa juu ya balaa. Ziache zimezimwa.

Omba ruhusa kazini wiki hii hii. Nunua mabati mapya na misumari yake ya kofia. Nimesema mapya, usinichezee. Ukibandua yale ya bandani yameshatobolewa na misumari, ukimpelekea mama hayo atalala tena anagawana nyota. Kuku wabaki nayo, wao hawakukosa kitu.

Kabla hujaondoka mwambie Theresia maneno machache tu: "Nimeelewa, nakwenda Kitaya kuezeka." Usimweleze habari za Goodluck na kigurudumu chake. Yeye asisafiri, mwombe shangazi yake wa Mikindani aje akae naye hadi urudi, na kama presha itasumbua wasikusubiri, waende hospitali.

Ukifika Kitaya, nyumba ya kwanza kuingia ni ya mzee Josephu. Mwambie umechelewa na umekuja. Atakusema, mwache aseme mpaka achoke, usijitetee kwa habari za kuku. Yeye ndiye atakayemhamishia mama nyumba ya jirani ili upande juu bila kuvunja heshima. Na upande mwenyewe. Usipeleke fundi ukakaa chini unashika daftari, fimbo ya mbali haiui nyoka. Watu wa pale watasaidia, utaona, wakimwona mkwe juu ya paa hawakai nyumbani. Wewe na mama hamna haja ya kuongea neno. Nyundo itaongea, na kijiji kizima kitasikia ni nyundo ya nani.

Ukimaliza, shuka, ondoka uwanjani, kakae kwa mjomba. Mama atarudi nyumbani kwake mchana jua likiwa utosini. Sisi wote tunajua anachofanya mtu aliyeezekewa paa jipya. Ataingia ndani, atafunga mlango na dirisha, atasimama katikati ya chumba na kutazama juu kama kuna tundu linalopitisha mwanga. Atazunguka kona zote. Kama umepiga misumari vizuri hataona hata nukta moja, giza tupu juu ya kichwa chake, kwa mara ya kwanza tangu afiwe na mumewe.

Hapo utaomba, kupitia mjomba, kwamba arudi Chikongola kumpokea mjukuu wake. Atakuja, namjua bila kumwona. Na chumba kile umwekee taa ya kawaida, na swichi ya nyota uihamishe iwe upande wake wa kitanda, kusudi ziwashwe siku atakayotaka yeye. Huenda asiziwashe kamwe. Huenda mtoto akilia ataziwasha, amwambie ile kubwa ni yako.

Lakini kwanza atakutumia ujumbe kutoka ndani ya lile giza, nao utapita kwa mjomba kama desturi inavyotaka. Atasema ameona. Safari hii, mwanangu, usijibu kitu.