Anyona na Mwarobaini wa Shangazi

S.L.P. 61,
Suneka, Kisii.
20 Machi 2024

Mpendwa Shangazi Eucabeth,

Unaendeleaje huko Kilifi, na mguu je, bado unakusumbua ukipanda ngazi? Sisi huku ni wazima. Mvua imeanza na migomba imesimama vizuri.

Majani ya mwarobaini uliyotutumia yalifika salama. Asante sana. Nusu mama mkwe aliyakausha kivulini akayatia kwenye gunia la maharagwe, na mpaka leo sijaona hata mdudu mmoja. Nusu nyingine nilichukua mimi kwa ile shida ya Anyona.

Unajua amefikisha miaka miwili na bado ananyonya kama amezaliwa jana. Na Ruth, yule fundi wa nguo hapa sokoni, alikubali kunifundisha cherehani, lakini aliniambia, "Jumatatu njoo na mkasi wako. Mtoto wa ziwa usiniletee." Nafasi ilikuwa moja, na kuna msichana mwingine aliyekuwa akiisubiri.

Basi Jumatano nikachemsha majani kama ulivyonielekeza, nikajipaka kwenye chuchu. Mimi mwenyewe nilionja kwa ulimi, nikatema mpaka machozi yakanitoka. Nikasema leo tumemaliza.

Anyona alikuja, akavuta mara moja, akaacha. Alinitazama sana. Halafu akakimbia jikoni, nikajua anaenda kunishtaki kwa nyanyake. Kumbe ameenda kuchukua tonge la ugali. Shangazi, alirudi, akachovya ugali kwenye ziwa, akala. Akachovya tena.

Mama mkwe alicheka mpaka akakalia ungo. "Mokeira, huyu amekula mboga za chinsaga tangu aote meno. Unampakia mboga chungu halafu unataka akimbie?" Mume wangu Duke naye, badala ya kunionea huruma, akasema, "Mama Anyona, umemfungulia mtoto hoteli."

Nilinawa haraka, maana nesi wa kliniki alishanionya kwamba mtoto mdogo asimeze dawa hiyo. Maji yaliyobaki nikawaogeshea kuku, na chawa wao wamepungua. Kuku ndio walioheshimu dawa yako.

Lakini sikia. Tangu siku hiyo, kila akikumbuka ziwa anakumbuka na ugali, na anaanza na ugali. Akishiba, analala. Alhamisi alinyonya mara mbili, Ijumaa mara moja, Sabato tukatoka kanisani hajauliza kitu.

Jumatatu nilienda kwa Ruth na mkasi wangu. Leo nimeshona mfuko wa kwanza, umepinda kidogo.

Jumatatu hiyo jioni niliporudi, Anyona alinipokea mlangoni na tonge mkononi. Akaninusa kifuani, akaona hakuna mboga, akarudi zake kwa nyanyake. Aliyelia ni mimi, Shangazi, tena kidogo tu. Usimwambie Duke.

Nisalimie Mjomba Onsongo na dada Kinsi, jirani yako aliyekuchumia majani. Mungu akulinde na akuponye huo mguu.

Ni mimi mtoto wako nikupendaye,
Mokeira, mama Anyona