Akili Tano, Mvuto Kumi na Saba

Jumapili, Agosti 1996

Mvua imeanza saa nane kama kawaida yake, na mimi nimeingia nyumbani kutoka Shinyalu na viatu vizito kwa matope. Nimeviacha mlangoni. Ugali wa jana uko kwenye sufuria na sina hamu nao.

Shajara, leo nimeenda kuomba msamaha na nimerudi nao vilevile nilivyoenda.

Nianze na mchezo, maana bila mchezo kisa hiki kitaonekana cha kichaa. Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa ng'ambo, aliyekuwa akichunguza kima kule msitu wa Isecheno, aliniachia kitabu kabla ya kurudi kwao. Ni kitabu cha sheria za mchezo wa kujifanya. Kila mchezaji anajitungia mtu wake, awe shujaa, mwizi au mganga, halafu mmoja wetu anasimulia safari na wengine wanaamua watu wao watafanya nini. Kete ndizo zinazosema kama wamefaulu. Kila mtu wa mchezo ana vipawa sita, na kila kipawa kina alama zake: nguvu, wepesi, uvumilivu, akili, busara na mvuto.

Tunacheza Jumamosi alasiri chumbani kwangu, nyuma ya soko, sisi wanne. Mimi ndiye msimulizi. Jescah ni fundi cherehani, Kizito ni karani wa serikali. Wa nne ni Lihanda, ambaye tulikaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Yeye analima kwao Shinyalu na anaongoza kikundi cha isukuti. Watu humwita na ngoma zake kwenye harusi na matanga.

Kitabu kilikuwa na kasoro moja. Mchwa walikula kurasa za uchawi. Tulijua mganga anatamka maneno na jambo linatokea, lakini hatukujua maneno hayo yanategemea kipawa gani. Ilibidi tuamue wenyewe.

"Niliamua mwenyewe" ndiyo sahihi zaidi.

Lihanda alitaka sana kuwa mganga. Alama tunazivuta kwenye karatasi zilizokunjwa ndani ya kopo, na yeye alivuta tano kwa akili na kumi na saba kwa mvuto. Ya juu kabisa ni kumi na nane. Kwa hiyo swali la kipawa gani kinatawala maneno lilikuwa swali la kama Lihanda atakuwa mganga au hatakuwa, na sote tulijua hivyo.

Jescah alisema ni busara, kwa sababu bibi yake hutibu watoto kwa majani na hajui kusoma. Lihanda alisema ni mvuto.

"Maneno inatokanga kwa mdomo," alisema. "Ukiita na watu waitike, hata mvua itaitika. Wasipoitika, utasoma kitabu mpaka macho iishe."

Kizito, mtu wa amani, akapendekeza yote mawili. Maneno ya kusomwa yategemee akili, maneno ya kuimbwa yategemee mvuto. Ilikuwa sheria nzuri. Nakiri leo kwamba ilikuwa nzuri kuliko yoyote niliyowahi kutunga mimi.

Nikaikataa. Nikasema maneno ni elimu, na elimu ni akili, basi. Lihanda akacheka, akaniomba nimhurumie mganga wake. Nami nikamjibu mbele ya wote, kwa sauti yangu ya darasani: "Hapa si matangani, Lihanda. Hapa kelele haitoshi. Mtu wa akili tano hawezi kuwa mganga, kama vile hakuweza kumaliza Form Two."

Nimeyaandika yote. Nilitaka kuona kama nitaweza.

Lihanda aliacha shule kidato cha pili baba yake alipofariki. Mimi ndiye niliyempelekea nyumbani vitabu alivyoacha kwenye dawati. Najua kuliko mtu yeyote kwamba haikuwa akili. Hesabu za sehemu, ambazo leo nawafundisha watoto wa watu kwa majivuno, ni yeye aliyenielewesha.

Siku ile aliweka kete mezani taratibu, akamuaga Jescah, akamuaga Kizito, akatoka. Hizo ni Jumamosi tatu zilizopita, na mchezo umekufa tangu siku hiyo.

Nimejitetea sana moyoni. Nimejiambia kwamba ulimi uliteleza, kwamba maneno yakifuata mvuto Lihanda angeshinda kila kitu peke yake na wengine wangebaki kumtazama. Hoja hiyo ina ukweli kidogo, ndiyo maana imenifaa kujifichia.

Ukweli wenyewe ni matanga ya nyanya yangu, mwezi wa nne. Niliandika wasifu wake kwa siku mbili, nikaunakili kwa mwandiko safi. Nilipousoma, watu waliendelea kuongea na wengine kutafuta viti. Kisha Lihanda akasimama na ngoma nyuma yake, akaita jina la nyanya mara moja tu. Uwanja mzima ukanyamaza, halafu ukaitika. Shangazi zangu walilia kwa wimbo wake. Karatasi yangu hakuna aliyeiulizia.

Nilimwonea wivu. Penye jeneza la nyanya yangu, nilimwonea wivu.

Juzi nikabadilisha sheria, nikaiandika upya kwa wino. Leo baada ya kanisa nikaitia mfukoni, nikaenda Shinyalu kwa miguu. Mama yake alinipokea kwa furaha, akasema nimepotea sana. Lihanda alikuwa nyuma ya nyumba akimkatia ng'ombe majani ya nepia. Nikamsomea sheria palepale. Nikamwambia nilikosea, anisamehe.

Alisikiliza mpaka mwisho, panga mkononi.

"Hiyo ni ile ya Kizito," alisema.

Nikakubali kwamba ni ya Kizito.

"Ni nzuri. Lakini nikirudi watasema Mwalimu alinionea huruma, akanitafutia alama." Akakata nepia kidogo, akaacha tena. "Wewe ulinitukana mbele ya watu. Msamaha ndio unaniletea huku kwa ng'ombe, mahali hakuna mtu anasikia?"

Kweli nilikuwa nimeifurahia ile faragha. Nilipomkuta peke yake nilishukuru.

Nikamwomba aje Jumamosi, asicheze, asikie tu. Hakusema atakuja. Alisema, "Tutaona kama utasema." Mama yake akanifungia ndizi, eti mgeni haendi mikono mitupu, nami nikazibeba njia nzima kwa aibu.

Basi nimeamua. Jumamosi nitawaambia Jescah na Kizito sheria ni ya nani, na kwa nini niliikataa, pamoja na habari ya matanga. Nitasema hata kama kiti cha Lihanda kitakuwa kitupu.

Kuandika hapa kumekuwa rahisi. Sasa hivi nimesimama katikati ya chumba, mlango umefungwa, mvua inafunika kila kitu, nikajaribu kulisema kwa sauti: nilimwonea wivu. Mara mbili nimekwama kabla ya neno la mwisho.

Nina siku sita.