Kopo Madhabahuni

Kariakoo, 5 Machi 2024

Mwanangu Tarsis,
Nakusalimu ingawa salamu zangu huzitaki. Sisi wazima, hofu ni kwako. Simu zako sipokei kwa kuwa unanikatiza, karatasi haikatizwi. Mdogo wako Blandina kapona. Miaka miwili kifafa hakijamwangusha. Vidonge vilikuwa vinamsinziisha dukani, wateja wananiambia, “Mama, umeajiri gogo?” Jumapili tulitoa ushuhuda, kopo la vidonge nikaliacha madhabahuni. Usinune.
Mama yako

Moshi, 7 Machi

Mama, shikamoo.
Afya ninayo, subira sina. Nimepiga mara kumi na moja, na simu ya Blandina umeificha. Mimi mfamasia, nisikilize. Seli za ubongo zinapigiana kelele kama spika za Mtaa wa Kongo. Kila seli ina vilango vya utulivu: ujumbe wa “nyamaza” ukifika, kilango kinafunguka, seli inapoa. Kifafa ni spika zote kuwaka pamoja. Kidonge kilikuwa kinashikilia kilango kisijifunge upesi, na ubongo umeshakizoea. Ukikiondoa ghafla, kelele inarudi na hasira. Dawa hii hupunguzwa kidogo kidogo, na daktari, siyo na kwaya. Hukumtolea Mungu kopo. Umemtoa binti yako. Mpe dawa leo!
Mwanao

Kariakoo, 9 Machi

Marahaba, bwana msomi.
Afya yako haijambo, naiona kwenye matusi. Nani alimbeba akitoka povu, wewe ukicheza mpira Jangwani? Leo siku ya sita na hajaanguka. Mwongo nani?
Mama yako

Kariakoo, 19 Machi

Tarsis,
Nakusalimu. Blandina alianguka jioni ile ile niliyokuandikia, anampimia mteja kitenge. Kabla hajazinduka akaanguka tena. Tukamkimbiza hospitali kwa bajaji. Siku nne hakunijua mimi mama yake. Daktari alisema maneno yako yale yale, nikazidi kukuchukia.

Tumerudi nyumbani, vidonge anameza. Jumapili nilisimama kanisani nikadai kopo langu. Mzee wa kanisa akasema, “Mama Tarsis, ushuhuda haurudishwi.” Nikamwambia, “Kaa chini, baba. Mwanangu hajapona, nilisema uongo.”

Sasa hivi amelala hapa dukani juu ya robota la vitenge. Spika ya duka nimeizima. Jirani yangu wa duka la pili, Abdulmajid, akaja kunicheka kwa kuizima, akamwona Blandina, akaenda kuzima yake.

Ukija, usianze na “nilikwambia.” Ingia kimya.
Mama