Mshipa wa Mjukuu na Neno Langu

Jumatatu, 3 Machi 2025

"Parasetamoli inaweza kuufunga mshipa ulio karibu na moyo wa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati." Hivyo ndivyo Daktari Wavinya alivyomwambia mwanangu Nyamai leo asubuhi, huko hospitalini Wote. Parasetamoli. Dawa inayouzwa hapa Malili kando ya viberiti na sabuni. Mjukuu wangu ana siku tisa na uzito wa kilo moja na gramu mia moja. Amekuja miezi miwili na zaidi kabla ya siku zake—nao wanataka kumpa dawa ya kichwa.

Upuuzi. Kama dawa halisi imekwisha stoo, waseme.

Nimeandika makala kwenye ukurasa wangu wa Facebook: "Moyo Hauumwi Kichwa". Dakika arobaini, bila kufungua kitabu hata kimoja. Kufikia jioni watu mia saba na arobaini wameisambaza. Hata Kitonga, anayenipinga tangu nilipostaafu ualimu, leo amekosa la kusema.

Nyamai amepiga simu. Mkewe, Mwongeli, ameisoma makala na kuikataa dawa.

Nimefurahi.

Jumatano, 5 Machi

Nimeenda Wote na mke wangu, Ndunge. Yeye kama nyanya ameingia wodini. Mimi nimebaki kwenye benchi nje. Mwongeli anamlea mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kama walivyomfundisha manesi, na baba mkwe haingii mahali kama hapo. Nthoni ni nthoni: mwiko wa heshima kati ya wakwe hauvunjwi. Msichana yule huinamisha macho tukikutana hata sokoni. Jina langu hajawahi kulitamka. Sasa mtoto amepewa jina hilohilo, kwa hiyo anamwita "Mzee". Ndunge anasema inachekesha kusikia: "Mzee, nyonya kidogo. Mzee, pumua."

Daktari Wavinya ametoka. Ni mdogo kuliko nilivyofikiri, na hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Mwalimu, nimesoma makala yako," akasema. "Imeandikwa vizuri."

Akakaa nami kwenye benchi. Tumboni, akasema, mtoto hapumui, kwa hiyo kuna mshipa mdogo unaopitisha damu bila kuingia mapafuni. Akizaliwa, mshipa hujifunga. Kwa hawa wa mapema huchelewa, na damu humiminika mapafuni kupita kiasi. Mara nyingi hujifunga wenyewe, ndiyo maana walingoja wiki nzima. Wake haukujifunga. Kuna kemikali mwilini inayouweka wazi, na parasetamoli hupunguza kemikali hiyo. Si siri. Si uhaba wa stoo.

Nikamwambia nahitaji kusoma, si kusimuliwa. Akaniletea kurasa sita. Kufikia ukurasa wa pili nilikuwa nimeshindwa. Nimeendelea hadi wa sita nikitafuta pa kubishia.

"Na kama angeanza Jumatatu?"

"Sijui, mwalimu. Kuna watoto ambao dawa haiwasaidii, hata ikianza mapema. Ila mapema hufanya kazi vizuri zaidi."

Watu wamenitukana miaka ishirini, na nimewajibu wote. Huyu nimemrudishia kurasa zake.

Mtoto ameongezewa oksijeni. Anapumua haraka, mbavu zikiingia ndani. Sijamwona. Ndunge ndiye aliyenieleza.

Alhamisi, 6 Machi

Jana kabla ya kuondoka nilimtuma Nyamai amwambie mkewe kwamba nilikosea, akubali dawa. Nilidhani basi, yamekwisha.

Leo Nyamai ameleta jibu, akiangalia viatu vyake. "Nau, baba yangu, anasema wewe ulikataza mbele ya watu wote. Yeye ni nani akupinge kwa neno la kunong'onezwa? Mtoto akifa baada ya dawa, watasema alimdharau baba mkwe, tena juu ya mtoto mwenye jina lake. Anasema uandike palepale ulipoandika."

Akina mama wa kanisa wanaokuja wodini kumwombea wana makala yangu kwenye simu zao. Wanamsomea.

Kwa hiyo msichana huyu hakushawishiwa na hoja yangu hata kidogo. Alitii tu. Mimi nilidhani nabishana na daktari, kumbe nilikuwa namwamuru mke wa mwanangu, mtu pekee asiyeweza kunijibu.

Nimeketi kuandika. Rasimu ya kwanza: "Ingawa hoja yangu ya msingi kuhusu uhaba wa dawa inasimama..." Nimefuta. Ya pili inamlaumu daktari kwa kutoeleza mapema. Ya tatu ilikuwa ndefu kuliko makala yenyewe.

Ndunge amesimama mlangoni. "Jumatatu ulimaliza kwa dakika arobaini. Leo vidole vimekufa ganzi?"

"Natafuta maneno."

"Unatafuta mlango wa kutokea, Baba Nyamai."

Hakungoja nijibu. Ameenda kupanga nguo za Mwongeli.

Sikutuma kitu leo. Naiandika aibu hiyo hapa: siku nzima, kwa kuhofia Kitonga atanicheka.

Ijumaa, 7 Machi

Nyamai amepiga simu saa moja asubuhi. Maziwa yamesimamishwa. Ini limeanza kuvimba. Daktari anasema wanaweza kuanza dawa leo, wakipata sahihi ya mama. Wasipoweza kuufunga mshipa, itabidi apelekwe Nairobi kupasuliwa, na hana uhakika kama ataistahimili safari.

Nimetuma saa mbili kasoro dakika tano. Sijaona jibu la mtu yeyote. Nanakili hapa nisije baadaye nikajidanganya kuhusu nilichosema:

"Makala yangu ya Jumatatu ni ya uongo. Sikusoma kabla ya kuandika. Daktari alikuwa sahihi, nami nimemchelewesha mjukuu wangu siku nne. Nyinyi mia saba na arobaini mlioisambaza, ifuteni, na mumwambie kila mliyemtumia. Mwongeli, mwanangu, nakuomba mbele ya watu wote: tia sahihi sasa. Lolote likitokea, ni juu yangu, na yeyote atakayekulaumu aje kwangu. Na nyinyi akina mama wa kanisa mlio kando ya kitanda chake: mkimwona anasita, msianze kuomba. Mpeni kalamu."