Barafu Iliyoua Ushahidi

Mwende mjukuu wangu,

Huku Ekalakala tuko wazima, mbaazi zimetoa maua, na babu yako anauliza kama chakula cha chuo kinakushibisha.

Umeniuliza kwa nini nchi yetu ijisumbue na utafiti wa chanjo wakati wageni washafanya wao. Swali lako limenipandisha hasira, ingawa si wewe ninayekukasirikia.

Nilipokuwa nesi, miaka ya tisini, watoto walikuwa wakiletwa na homa, shingo zimekakamaa. Tulitoa maji ya uti wa mgongo, tukayatuma Nairobi yakapimwe. Wakubwa wakatuamuru tuyabebe kwenye barafu, vile tunavyobeba chanjo. Lakini viini vya homa ile ya uti wa mgongo hufa kwa baridi! Kila mara majibu yakarudi kwamba hakuna kiini. Basi wakakaa mkutanoni na chai yao, wakasema chanjo mpya ya nini, na ugonjwa wenyewe haupo Kenya?

Jirani yetu Kamene alikuwa amezika mtoto wake, mmoja wa hao tuliowapima. Nilipomsomea majibu, aliniuliza, "Sista, sasa wangu ameuawa na nini?"

Miaka ikapita kabla Machakos haijapata maabara na watu wetu waliofunzwa. Maji yakapimwa hapo hapo yakiwa bado na joto, na viini vikamea. Ndipo chanjo ikaja. Kamene alileta kitindamimba wake adungwe. Akanitazama, akasema, "Kwa hivyo ugonjwa ulikuwako."

Wale wa mkutanoni hakuna aliyewahi kuwauliza kuhusu ile barafu.

Susu yako,
Nduku