Kioo cha Jumapili

Mpendwa dada Kemunto,

Nakuandikia wazi, anayetaka asome, kwa sababu uliaibishwa mbele ya watu na sioni kwa nini usafishwe kwa siri.

Unaikumbuka mvua ya Kisii, kila alasiri, nguo zinaanikwa Jumatatu na Alhamisi bado zina unyevu. Katika hewa hiyo chuo kilikupa unga wa fosfati, chumvi kidogo ya metali iitwayo erbiamu na tanuri moja, kikasema tengeneza kioo. Mimi nilikuwa mfagiaji wa maabara, nikisoma madaftari yako ulipokwenda kunawa mikono. Ulijua. Ukaanza kuandika kwa herufi kubwa zaidi.

Madaftari hayo ndiyo yaliyonifundisha. Erbiamu hukipa kioo rangi ya waridi, na ukiimulika hurudisha mwanga wake yenyewe, ambao jicho haliuoni ila kipimo huuona. Lakini unga ukiwa na maji, hata tanuri likiyachemsha, hubaki mabaki yake: oksijeni na haidrojeni zilizoshikana, yaani haidroksili. Hizo hutetemeka ndani ya kioo na kuipokonya erbiamu nguvu kabla haijatoa mwanga. Nguvu yote inaishia kuwa joto.

"Kioo kinabaki kama mgeni wa heshima aliyevaa suti akasahau hotuba," uliniambia.

Vioo vyako vyote vilisahau hotuba, isipokuwa kimoja. Daktari, msimamizi wako, hakuuliza kwa nini. Aliinua kimoja kati ya vile vibovu mbele ya wanafunzi.

"Kemunto, mikono hii ni ya kuchuma chai."

"Hata chai hukaushwa, Daktari. Na unga nimeukausha siku tatu."

"Na kile kilichofaulu?"

"Sijui bado."

"Bahati," akasema, na kwenye ripoti akaandika uzembe. Mwezi huohuo ukaondoka.

Hasira hiyo ninayo hadi leo. Ulikausha kweli. Ila oveni ya kukaushia ilikuwa moja tu, na Daktari ndiye aliyeanza kupashia moto humo githeri yake ya mahindi na maharagwe. Makarani wakamfuata. Kila adhuhuri, wewe ukiwa darasani unawafundisha wa mwaka wa kwanza, unga wako ulizungukwa na sahani zinazofuka mvuke kama jikoni kwa harusi. Uliporudi sahani zilikuwa zimeshaondolewa. Ungekauka vipi?

Na kile kimoja hakikuwa bahati. Unga wake uliuweka ovenini Ijumaa jua halijatua, ukautoa Jumapili asubuhi na kuuyeyusha. Jumamosi sisi Wasabato tuko kanisani, chuo kimefungwa, hakuna aliyepasha hata kiazi. Amri ya nne, ile ya Sabato, ilifanya kazi aliyoajiriwa Daktari kuifanya.

Hilo nililiona wiki uliyoondoka, nikisoma tarehe katika daftari uliloliacha. Nikampelekea Daktari.

"Siku hizi mfagiaji naye ana nadharia," akasema, akafungua oveni, akatoa chakula chake.

Sasa nifike pale nilipokuwa napazunguka. Sahani ya chini kabisa, ile ya bluu, iliyokaa karibu zaidi na unga wako, ilikuwa ya matoke, ndizi alizopika Mama. Ilikuwa yangu. Kila siku isipokuwa Jumamosi. Nilijua haidroksili ni nini, nilijua oveni ina nini, na sikuyaunganisha mambo hayo mawili kwa sababu matoke ya moto ni matamu. Kwa Daktari nilitaja githeri yake na ugali wa makarani. Matoke sikuyataja.

Nasikia huko Lodwar unakofundisha hesabu hewa ni kavu, hata midomo hupasuka. Ungeuanika unga ule dirishani tu. Kioo cha Jumapili ninacho, ndani ya kopo la majani ya chai, na daftari lako liko chini yake. Sitakituma kwa posta. Njoo hapa kwangu Kebirigo ukichukue mwenyewe, na uniambie usoni yale ninayostahili. Nitakukaribisha mezani, lakini chakula utakikuta baridi. Siku hizi sipashi.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye sahani ya bluu