Saa Yangu na Mama Karatasi

Busia, upande wa Kenya
Jumatano, saa kumi na nusu jioni

Kwako Mama,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku mpakani. Mguu uliojikata kwa jembe, kidonda kimefunga? Nyanya naye, bado anakohoa asubuhi? Mwambie anywe maji ya moto hata kama anasema ni ya wagonjwa. Mimi mwili wangu ni mzima. Moyoni nina hasira, na sitakuficha, kwa sababu wewe hunisikia hata nikinyamaza.

Huenda Mama Mkubwa amekwisha kukupigia simu. Kama bado, atakupigia kabla ya Jumapili. Atakuambia kwamba mwanao amemwaibisha mbele ya kanisa zima, na kwamba nisipoomba msamaha Jumapili hii mbele ya akina mama wenzake, atanirudisha huko nyumbani Kiyeyi kabla muhula haujaisha. Yote ni kweli. Lakini dada yako ataanzia habari katikati. Mimi nataka uipate toka mwanzo, ndiyo maana barua hii nampa yule mama anayeleta mtama kutoka Nagongera. Simu ya nyumba hii ni ya Mama Mkubwa, na yeye hukaa karibu nayo.

Unajua jinsi nyumba hii ilivyo. Baba Mkubwa yuko barabarani na lori, wiki nyingi hatumwoni. Mama Mkubwa hukaanga njugu alfajiri na kuziuza kutwa kwa madereva wa trela wanaosubiri kuvuka. Dada Ajiambo yuko Kidato cha Tatu na haguswi, kwa sababu "ana mtihani." Mapacha, Opio na Odongo, wamefika umri wa kukimbia bila kujua wanakokwenda. Kazi zinazobaki hapo katikati ni zangu. Nikitoka shule nachota maji, naogesha mapacha, nachambua njugu za kesho, nasonga ugali, naosha vyombo. Silalamikii kazi. Hata nyumbani nilifanya kazi. Lakini nyumbani uliniacha nikae barazani na kalamu yangu wakati mboga inachemka, na hukuniuliza ninaandika nini mpaka nilipotaka mwenyewe kukusomea.

Hapa nilijitafutia saa yangu. Mama Mkubwa huanika muhogo kwenye turubai kando ya barabara, na kabla haujaanuliwa lazima mtu akae hapo akifukuza kuku na mbuzi. Hakuna anayeipenda kazi hiyo, maana jua ni kali na kila lori likipita unakula vumbi. Mimi niliiomba. Saa kumi mpaka saa kumi na moja, kila siku isiyo ya mvua, mkono mmoja ulishika fimbo na mwingine kalamu. Nilijifunza kuandika sentensi moja kati ya kuku wawili.

Mwalimu wetu wa Kiswahili, ambaye pia huongoza vijana kanisani, alikuwa amenichagua niandike igizo la Jumapili ya mavuno. Mimi, Mama, si wale wakubwa wa sekondari. Aliniambia, "Athieno, wewe una sikio. Nipe kurasa ishirini kabla ya mwezi kwisha." Nikaandika habari za mjane aliyebaki na kikapu kimoja cha mtama wa mbegu. Watoto wanalia njaa, naye hajui aupike au aupande. Nilifika ukurasa wa kumi na saba. Nilishajua mjane atafanya nini, ilibaki kuandika tu.

Alhamisi moja nikatoka shule nikakuta daftari langu kitandani limekonda. Kurasa zote nilizoandika hazipo. Tangu mifuko ya plastiki ikatazwe upande huu, njugu hufungwa kwa karatasi iliyokunjwa kama pembe, na kwa wauza njugu wote wa hapa daftari lililoandikwa ni daftari lililokwisha kazi yake. Mama Mkubwa alizitoa kurasa zangu polepole, bila kulegeza hata pini za katikati.

"Mama Mkubwa, kurasa zangu ziko wapi?"

"Zipi? Zile za kuandikwa? Nimefungia njugu. Usijali, nimekuachia zile safi."

"Zilizoandikwa ndizo nilizokuwa nazitaka."

"Si umeshaziandika? Mtu akiandika amemaliza." Akacheka kile kicheko chake cha kutikisa mabega. "Ni karatasi tu, mtoto. Kuja hapa ushike hawa mapacha."

Alidhani amenitendea wema, Mama. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote.

Kesho yake nilimkuta Ajiambo bombani na rafiki zake. Alikuwa ameikunjua pembe ya njugu na anaisoma kwa sauti ya mhubiri: "Ewe mtama wangu, nikule au nikupande?"

"Kula tu, madam mwandishi, tumelala njaa!" mmoja akajibu, wakaanguka kwa kucheka.

Nilimwomba ile karatasi kwa adabu. Nilisema "tafadhali, dada." Ajiambo akaniangalia, akamvuta Odongo, akamfutia makamasi kwa ukurasa wangu wa tano.

Kisha saa yenyewe ikaenda. Jumamosi hiyo mbuzi wa jirani alikula muhogo mimi nikiwa nimeinamia daftari, nikijaribu kukumbuka mjane alisema nini mara ya kwanza. Mama Mkubwa alinisimamia na sinia kichwani. "Unaandika ama unalinda? Chagua moja." Hakungoja nichague. Ulinzi alimpa Ajiambo, ambaye hukaa pale na simu huku kuku wakijilia watakavyo, nami nikarudishwa ndani kuchambua njugu.

Hapo nikaamua kwamba nitamlipa.

Sikutaka kumjibu vibaya, wala kuvunja kitu. Nilitaka watu wamcheke kama mimi nilivyochekwa bombani, naye awe amekaa mahali ambapo hawezi kuinuka. Kwa siku tisa niliandika kila neno lililotoka kinywani mwake nyuma ya daftari la Hisabati. Niliandika nikichambua njugu, niliandika wakati wa mapumziko shuleni, niliandika nikisubiri ndoo ijae. Sikuhitaji kukaa chini tena. Hasira huandika hata ikiwa imesimama.

Mjane nikamwacha. Nikaandika Mama Karatasi. Ni mwanamke muuza njugu ambaye haoni karatasi akaiacha. Anaanza na barua za mumewe, anaendelea na vyeti vya ubatizo vya watoto, halafu kitabu cha nyimbo. Mwishowe anafungia njugu kwa hati ya shamba, na mteja aliyezinunua ni yule yule tajiri anayelimezea mate shamba lake. Tajiri anakula njugu, anasoma karatasi, anasema asante sana mama. Siku ya mavuno ikifika Mama Karatasi anakwenda kuvuna, anakuta shamba limezungushiwa ua.

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. "Huyu mama ni nani?"

"Ni wa kubuni, Mwalimu."

Ndiyo, nilidanganya. Nakuambia wewe, bado sijamwambia yeye.

Mama Karatasi nilimcheza mimi mwenyewe. Jumamosi jioni nilimwomba Mama Mkubwa kile kitenge chake cha njano cha kuuzia njugu.

"Chukua, ung'are. Unaigiza nani?"

"Mama mmoja mfanyabiashara."

"Vizuri! Usimfanye mjinga."

Siku yenyewe alikaa benchi la pili katikati ya akina mama wa kanisa, wote na vitambaa vyeupe kichwani. Nilipotokea na sinia alipiga makofi kabla ya mtu yeyote. Nilitembea kama yeye, mkono kiunoni, nikaita, "Njugu moto! Haraka, trela haingoji mtu!" Watu wakaanza kugeuka kumtazama. Yeye bado anacheka. Halafu mtoto wa kwenye igizo akaniuliza, "Mama, barua za baba ziko wapi?" Nikaacha kumtazama yule mtoto. Nikaligeukia benchi la pili, nikasema polepole, neno moja moja, "Usijali, nimekuachia zile safi."

Kanisa lilipasuka kwa kicheko. Mwanamke aliyekaa naye alimpiga begani akisema, "Mama Ajiambo, ni wewe kabisa!" Mama Mkubwa alibaki kinywa wazi na kicheko hakitoki. Ajiambo alijificha nyuma ya kitabu cha nyimbo.

Nilifurahi, Mama. Najua ungependa niseme niliona huruma. Sikuona. Nilifurahi, na zile sehemu zilizobaki nilizicheza vizuri kuliko siku zote za mazoezi.

Baada ya ibada ulikuja mnada wa mavuno. Mzee wa kanisa anayenadi aliliinua gunia la muhogo mkavu la Mama Mkubwa akapaza sauti: "Nani anachukua muhogo wa Mama Karatasi? Msiogope, umefungwa kwa gunia, si kwa hati!" Tangu hapo jina limeganda. Jumatatu madereva walikuwa wameshalipata, sijui nani aliwapelekea. "Mama Karatasi, nipe njugu, lakini nisomee kwanza!"

Jumapili hiyo alitembea mbele yetu mpaka nyumbani bila kugeuka. Mlangoni akanyoosha mkono. Nikavua kitenge nikampa.

"Nimekukosea nini, Athieno? Nimekulisha. Ulipougua malaria nilikubeba mgongoni mpaka zahanati. Hayo hukuyaandika?"

"Hayo hayakuraruliwa, Mama Mkubwa."

"Heh!" Ajiambo akasema, akaondoka na mapacha.

"Na kama iliuma hivyo, mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukasema ni karatasi tu."

Alikaa kwenye kigoda akakikunja kile kitenge mara nne, akakikunjua, akakikunja tena. Nilidhani atanipiga. Badala yake akatoa hukumu: niandike msamaha, niusome Jumapili mbele ya akina mama, ama nifunge begi langu. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita tena. "Na uandike vizuri. Kiswahili kama kile cha igizo. Sitaki kuaibika mara ya pili."

Sasa nikueleze kilichofuata, maana hakuna aliyekitegemea, hata mimi.

Jumatatu nilipotoka shule nilikuta meza ya sebuleni imepanguswa. Mama Mkubwa alikuwa amerudi mapema kutoka kwenye trela. Akanivutia kiti, akamwita Ajiambo. "Wewe chukua ndoo, na hawa watoto uwaogeshe. Athieno asisumbuliwe mpaka saa kumi na moja. Anaandika." Akafunga mlango. Mama, tangu nifike katika nyumba hii sijawahi kumsikia mtu akisema hivyo, kwamba Athieno asisumbuliwe, anaandika.

Niliandika: "Mimi, Athieno, ninasimama mbele yenu." Nikaitazama hiyo sentensi. Halafu nikafungua ukurasa mwingine nikaanza upya habari za mjane.

Jumanne ikawa vile vile. Leo ni siku ya tatu, na mjane amefika ukurasa wa tisa, tena ni bora kuliko wa mwanzo, kwa sababu sasa ana hasira. Msamaha una sentensi ile ile moja. Jana Ajiambo alipita dirishani na ndoo, jasho linamtiririka. "Msamaha gani huo hauishi? Unaandika Biblia?"

"Ni kosa kubwa, dada," nikamjibu. "Linahitaji maneno mengi."

Nitauandika Jumamosi, usiwe na hofu. Nitaomba radhi kwa kumvalia kitenge alichonipa kwa moyo mweupe, kwa maana hilo kweli halikuwa sawa, na nitamshukuru kwa zahanati. Kwa yaliyobaki sitaomba. Tukishatoka kanisani nitamwomba saa yangu iendelee. Nadhani atakubali, Mama. Ameanza kuwaambia wateja kwamba nyumbani kwake kuna mwandishi, hata kama anasema akiwa amekunja uso.

Kwa hiyo akikupigia simu, nakuomba sana usinitetee. Usimwambie na yeye alikosea, atakasirika anipe ndoo. Mwambie tu kwamba mimi ni mzito wa kuandika, kwamba msamaha wangu ukiharakishwa hutoka mbaya, na kwamba aniache mpaka Jumamosi. Ni siku tatu tu, tukihesabu na Jumamosi yenyewe. Mjane atakuwa amemaliza.

Nisalimie Baba, umwambie viatu vya shule bado vinanitosha. Msalimie kaka Okoth wa bodaboda na asipakie watu watatu. Nyanya mwambie kuna sehemu nimetumia vile anavyoongea na kuku wake, lakini nimeifanya kwa upendo. Jirani yetu mfuma mikeka mshukuru kwa kuniombea. Na yule mdogo wetu wa mwisho, usimpe madaftari yangu ya zamani achezee.

Mama Mkubwa amepita dirishani sasa hivi na sinia lake. Nimeifunika barua kwa kiwiko.

"Athieno, umefika wapi?"

"Nimefika pagumu, Mama Mkubwa."

Nimemsikia akigeukia uani: "Wewe Ajiambo, nyamazisha hao watoto! Mwenzako amefika pagumu."

Ni mimi mwanao anayekupenda na aliye kazini,

Athieno